Jumapili za Marshali wa Medali

Mume wangu alikuwa mwalimu wa Kifaransa pale Nyabiondo, na siku za kazi karibu hakuna aliyemsikia. Wanafunzi wa benchi za nyuma walilalamika kwamba sauti yake inaishia katikati ya darasa. Alitembea akiangalia chini, na ukimsalimia alijibu kwa kichwa. Siku alipokuja kwetu kunichumbia, mama yangu aliniita jikoni akaniuliza kama mtu huyo hana ugonjwa wa koo.

Jumapili baada ya misa alikuwa mtu mwingine. Tulikuwa na chumba cha mbao kando ya njia ya soko, tumekiziba madirisha kwa bashi nyeusi za plastiki. Ndani kulikuwa na televizyo moja na mashine ya disiki, na grupe ndogo ya umeme ilinguruma nje kwenye kibanda chake ili moshi usituue. Watu walikaa kwenye benchi, wengine chini. Mimi nilikaa mlangoni na beseni la mandazi. Filme nyingi zilikuwa za Kichina au za Kiingereza, na hakuna aliyezielewa, kwa hiyo mume wangu alisimama kando ya televizyo akawasemea watu wa mle ndani kwa Kiswahili chetu. Hakujua Kichina hata neno moja. Aliangalia tu midomo yao na mikono yao, akasema yale aliyoona yanawafaa. Watu waliokuwa na televizyo nyumbani walikuja kwetu kwa ajili ya sauti yake.

Siku moja alirudi kutoka Kitshanga na furushi la disiki alilouziwa sokoni bila kuruhusiwa kulifungua. Nyingi zilikuwa mbovu. Moja ilikuwa filme ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, haina maneno, piano tu. Alikasirika, akasema ameibiwa. Mchana ule aliiweka ili aone kama itafaa kwa lolote, mimi nikiwa uani nachambua maharagwe, nikasikia mtu anacheka ndani. Niliacha ungo nikaenda kuona ni mgeni gani. Alikuwa yeye, peke yake, machozi yanamtoka. Tulikuwa tumeoana miaka tisa, na kicheko hicho nilikuwa sijakisikia.

Filme yenyewe ilikuwa ya marshali mmoja, mfupi, mwenye shingo nene, ambaye anajipa medali kila asubuhi. Amelala vizuri, medali. Amemaliza supu, medali. Mbwa wake amezaa, medali. Kifua kinajaa, anaanza kuzivalisha mpaka mapajani, na uzito unamvuta mbele. Basi wanawekwa watumishi wawili nyuma yake, wanamshika mshipi ili asianguke na uso. Akitaka kupiga saluti, wa tatu anakuja kumwinulia mkono. Akipiga chafya, medali zinatawanyika, na jeshi zima linapiga magoti kuziokota. Watu wa nchi yake wamekonda, wanasimama mstarini kumpigia makofi, na asiyepiga makofi anaandikwa.

Jumapili ya kwanza mume wangu alimpa marshali sauti nyembamba, ya mtu mwenye hasira aliye karibu kulia. "Munishike! Munishike, nisianguke!" Watumishi wawili aliwapa Kihunde, lugha ya pale kwetu, wananung'unika wao kwa wao juu ya wake zao na mihogo yao huku wamekaza mshipi. Sijaona tena watu wakicheka namna ile. Mama mmoja mzito, mke wa katekista, alitolewa nje akapepewe. Mimi mwenyewe mandazi yaliungua kwenye mafuta.

Mwisho wa filme haukuwepo. Marshali anatoka kwenye balkoni kuhutubia, anainama mbele kuelekea umati, watumishi wanatazamana, na hapo disiki ilikuwa imekwaruzika, picha ikakwama. Kila Jumapili mume wangu alimalizia kwa mdomo, na kila Jumapili kwa namna yake. Mara watumishi wanamwachilia. Mara wanaendelea kumshika mpaka wanazeeka wakiwa wamesimama, na watoto wao wanakuja kuwapokea mshipi. Mara mshipi unakatika wenyewe, hakuna mwenye kosa. Watu waliondoka wakibishana ni mwisho gani wa kweli.

Niseme sasa jambo ambalo kila mtu pale alilijua na hakuna aliyelisema. Juu ya kilima kilichotutazama alikaa komanda wa kundi lililotushika miaka ile. Alikuwa amekuja akijiita kapiteni, na kabla mihogo tuliyopanda mwaka ule haijaiva alikuwa jenerali. Kila Alhamisi ilikuwa salongo yake: kila nyumba itoe mtu mmoja wa kubeba mbao kumpandishia kilimani, alikojenga nyumba ya vyumba vingi. Sikuwahi kumuuliza mume wangu kama alimfikiria yeye aliposimama kando ya televizyo. Na yeye hakuniambia. Ukuta wetu ulikuwa wa udongo, na majirani walikuwa karibu.

Alhamisi moja mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mume wangu alikuwa shuleni, kwa hiyo nilikwenda mimi. Tulipanda mstarini, ubao begani, matope mpaka kwenye vifundo. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu aliteleza, akayumba na ubao wake, akapiga kelele kwa sauti ile ile nyembamba, "Munishike! Munishike, nisianguke!" Hakukusudia. Ilimtoka tu. Mstari mzima ulicheka, wanawake na wazee wa makanisa, tukicheka na mbao zikitikisika mabegani.

Mwanamume mmoja wa komanda alikuwa akitulinda, bunduki mgongoni. Nilimjua tangu utoto. Tulibatizwa siku moja, na mama yake aliwahi kuninyonyesha mama yangu alipokuwa hospitalini. Alinikaribia akitabasamu.

"Dada, munacheka nini?"

"Hapana kitu. Ni filme ya Mwalimu."

"Filme gani? Nieleze basi, dada. Siye huku juu hatuonake kitu."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema ni filme ya ng'ombe, ya chochote. Lakini nilikuwa nimechoka, na kicheko kilikuwa bado mdomoni, na, nitasema ukweli, nilijivunia mume wangu. Nilimweleza yote: medali za supu, mshipi, chafya, jeshi linalopiga magoti. Nilimwigizia na sauti. Alicheka mpaka akajishika tumbo. Kisha akatazama juu, ambako nyumba ya komanda ilikuwa inaonekana bila paa, akaacha kucheka. Nilimwona anaacha. Akasema, "Endelea kubeba, dada," na hakunitazama tena.

Jumapili iliyofuata komanda alikuja. Sisi wa mlangoni tulimwona kwanza: wanaume kumi hivi, na yeye katikati, amevaa kofia mpya na miwani ya jua. Hakuwa mfupi. Hakufanana na marshali hata kidogo, alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya upole. Alininunulia mandazi mawili, akanishukuru, akaingia kukaa benchi la mbele. Watu walitaka kutoka. Watu wake wakasimama mlangoni.

"Mwalimu," alisema, "nimesikia iko na filme mzuri. Utuonyeshe."

Mume wangu aliweka disiki. Piano ikaanza. Marshali akatokea, akajipa medali ya kwanza, na mume wangu akasema, kwa sauti yake ya darasani, kwamba huyu ni kiongozi mwema ambaye anawapenda raia wake na raia wanampenda. Medali ya supu: kiongozi anashukuru wakulima. Mshipi: watumishi wanaonyesha umoja. Hakuna aliyecheka. Benchi hazikulia. Ilikuwa vibaya kuliko mazishi, kwa sababu kwenye mazishi angalau mtu analia.

Komanda aliinua mkono. "Simamisha." Picha ikasimama. "Sababu gani hawacheke? Niliambiwa watu wanacheka hapa."

"Komanda, wamechoka..."

"Rudisha mwanzo. Useme vile unasemaka siku zote."

Mume wangu aliirudisha. Alisimama kidogo, midomo inakwenda bila sauti. Halafu akasema yote kama ilivyokuwa, na "Munishike" yake, na Kihunde cha watumishi. Nadhani aliona kwamba akipunguza neno moja tu mtu yule atajua. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, wengine wameweka mikono mdomoni. Nilikuwa naomba wasicheke, kisha nikawa naomba wacheke, sikujua tena ipi itatuokoa. Ilipofika chafya, mke wa katekista alishindwa. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, akajifunika uso na kitenge.

Komanda aligeuka akamtazama. Halafu akacheka yeye. Alicheka kwa muda mrefu, akipiga paja, na watu wake wakacheka, na chumba kizima kikacheka kwa woga, kelele kubwa isiyo na furaha ndani yake. Picha ilipokwama kwenye balkoni alisimama, akamshika mume wangu bega.

"Mzuri sana. Utakuja kuionyesha vijana wangu kule juu. Leo."

Walibeba televizyo, mashine, na grupe. Mume wangu alitoka katikati yao na disiki mkononi, bila koti. Aliponipita mlangoni alisema tu, "Funga nyumba, Mama."

Alikaa huko wiki sita. Kila Alhamisi nilibeba mbao nikitumaini nitamwona, na kila mara tulisimamishwa chini ya uzio. Yule ndugu yangu wa ubatizo hakuonekana tena njiani. Nilikwenda kwa padri, nikaenda kwa chifu, wote wakaniambia ningoje. Mke wa katekista alikuja kwangu kila asubuhi kuniomba msamaha kwa kicheko chake, akilia, akisema yeye njo alimpoteza Mwalimu. Nilimbembeleza. Nilimwambia si yeye. Sikumwambia ni nani.

Alirudi kundi lingine liliposhambulia kilima kutoka upande wa pili na watu wa komanda wakatawanyika. Alitembea siku mbili msituni, akaingia uani mchana, nikamwona amekonda, ndevu zimejaa, amevaa koti la jeshi lisilo na vifungo. Alitaka kusema jina la mtoto wetu wa kwanza na hakuweza. Herufi ya kwanza ilimkwama. Alijaribu mara tatu, uso umemwiva, mtoto akaogopa akakimbilia nyuma yangu.

Aliyoyapata alinieleza vipande vipande, kwa siku nyingi, kila sentensi ikimgharimu. Hawakumpiga. Alirudia hilo sana, kama mtu anayetaka kuwatendea haki. Walimpa chakula. Walichomtaka ni filme, kila siku, wakati mwingine mara tatu kwa siku. Lakini komanda alimwagiza kwamba marshali apewe jina la mkubwa wa kundi lile lingine, na lugha ya watu wa mkubwa yule, na matusi. Mume wangu alifanya hivyo. Wapiganaji walicheka kwa furaha ya kweli, wakaimba "Munishike" wakienda vitani. Waliporudi wakiwa pungufu, waliitaka tena.

"Nilifikiri wataona," aliniambia. "Filme ile ile. Medali zile zile. Nilikuwa nangojea muntu mumoja tu aangalie kule komanda iko amekaa, halafu aangalie ekran ya televizyo. Hakuna. Kila muntu anaona mwenzake."

"Na yeye mwenyewe? Komanda?"

Aliangalia kwanza kama watoto wako mbali. Kisha akaniambia kwamba komanda alimwita asubuhi moja kwenye chumba chake, wawili tu, akafunga mlango.

"Aliniuliza, 'Mwalimu, wale wawili wa nyuma. Walimuachilia ao hapana?' Nikamuambia, Komanda, disiki inakwama pale, hakuna mwenye kujua. Akasema, 'Wewe unajua. Unanificha.' Nikaapa. Akaniuliza tena kesho yake. Na kesho yake. Tangu siku ile, walinzi wake akawaweka wote mbele. Hakuna muntu alitembea nyuma yake tena."

Alisema hivyo bila kucheka, na mimi sikucheka.

Hatukukaa sana. Kundi lile lingine liliposhika Nyabiondo, mateka wao waliofunguliwa kilimani walieleza waliyoyasikia kule: kuna mwalimu aliyemtukana mkubwa wao kwa filme, aliyemwita Munishike. Katekista alituletea habari kabla ya jua kuchomoza vizuri. Wametuma watu kuulizia nyumba ya mwenye televizyo. Tulichukua watoto watatu, sufuria, na mbegu za maharagwe, tukaingia njia ya msitu kuelekea Pinga, kwao mume wangu. Siku nne kwa miguu. Mtoto wa mwisho alipata homa siku ya pili, na mume wangu alimbeba mgongoni mpaka mwisho, akipumzika kila kilima. Njiani tulikutana na watu waliotoka huko tulikokuwa tunakwenda, wakikimbia kitu kingine. Tulisalimiana, kila mmoja akaendelea.

Mtoto alipona. Ndugu za mume wangu walitupa chumba na kipande cha shamba. Shule ya Pinga ilikosa mwalimu wa Kifaransa, wakamchukua, ingawa direkteri alisikia mwenyewe anavyosema. Niliwahi kupita karibu na darasa lake nikielekea kisimani. Alikuwa akisomesha kitenzi, na neno lilimkwama, na watoto wakaanza kulimalizia kwa kelele, kila mmoja na lake, wakicheka. Hakuwakaripia. Alisimama na chaki mkononi, akangoja mpaka waishe.

Kuna watu Pinga wanaokusanyika kuangalia vichekesho kwenye simu. Mwanzoni walimwita. Alikwenda mara moja, akakaa dakika chache, akatoka akasema kichwa kinamuuma. Hawakumwita tena.

Miaka miwili nilikaa na neno langu. Nilikuwa nikimtazama anavyohangaika kumuita mtoto kwenye chakula, kisha namuitia mimi. Siku nyingine nilijiambia kwamba komanda angejua tu, kwamba ile "Munishike" ilikuwa imeshafika kila njia. Huenda ni kweli. Lakini mimi sikutoa "Munishike" tu, nilitoa maelezo yote, mpaka na mshipi, na nilimpa mtu mwenye bunduki kwa sababu nilitaka aone mume wangu ni hodari namna gani.

Nilimwambia Jumamosi moja, mchana, tukiwa shambani tunapalilia, watoto wako mtoni. Sikuzunguka. Nilisema, "Mimi njo nilimueleza yule kijana wa komanda. Siku ya salongo. Si mke wa katekista. Ni mimi."

Aliendelea kulima mpaka mwisho wa tuta. Alisimika jembe, akakaa chini karibu nalo. Nilibaki nimesimama, sijui niende ao nikae. Neno la kwanza lilimkwama, akalianza tena.

"Ulimueleza na sauti?"

"Ndiyo. Na sauti."

"Alicheka?"

"Alicheka sana. Alishika tumbo."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayepokea habari ya mtu wa mbali. Nilidhani atanipiga, ingawa hajawahi. Nilidhani ataondoka. Aliangalia mikono yake iliyojaa udongo. Akaniuliza kama yule mtu bado yuko hai. Nikamwambia nilisikia alikufa siku ya mashambulizi, kwenye uzio, na mama yake hakupewa mwili.

Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Jioni ile alikula chakula nilichopika. Kwa majuma kadhaa alilala upande wa watoto, kisha akarudi upande wangu. Msimu ule maharagwe yalitoka mazuri, tukaweza kuwanunulia watoto kaye za kuandikia na viatu. Tunaongea juu ya mambo ya nyumba: mvua, karo, homa, nani amerudi Nyabiondo na nani amekimbia tena. Anaongea kidogo kuliko nilipoolewa naye, na zamani mama yangu alidhani ana ugonjwa.

Mwezi uliopita mke wa katekista alituma salamu kwa mtu wa moto, mwenye kubeba watu kwa pikipiki, aliyepita Pinga. Amezeeka, anasema miguu haimbebi, na bado anauliza kama Mwalimu alimsamehe. Nilimwita mume wangu aje kusikia mwenyewe. Alifikiri, akamwambia yule mtu wa moto, neno kwa neno, akipumzika katikati, amwambie mama yule kwamba hakuna kosa alilofanya, hata dogo, na kwamba ni yeye peke yake aliyecheka kicheko cha kweli siku ile. Kisha akaingia ndani kusahihisha kaye za wanafunzi, na mimi nikabaki njiani, namfungia mtu wa moto mihogo ya kumpelekea mke wa katekista.